Victor Schoelcher na Sheria ya Kukomesha Utumwa ya 1848: Yaliyosemwa na Yaliyonyamaziwa

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuzifafanua matini za aina tatu: riwaya, tamthilia na ushairi. Matini za sheria aghalabu huachiwa mawakili, kana kwamba lugha yake si lugha. Hali hii inasikitisha kwa sababu hakuna matini ambamo neno moja huwa na uzito kuliko sheria. Mshairi akikosea neno, shairi huharibika. Mtunga sheria akikosea neno, watu hubaki katika dhiki miaka na miaka.

Makala haya yanachunguza kazi ya mtunga sheria mmoja wa Ufaransa wa karne ya 19, Victor Schoelcher (1804–1893), aliyekuwa mbunge na baadaye seneta. Msisitizo utawekwa katika dikrii ya tarehe 27 Aprili 1848, yaani amri yenye nguvu ya sheria, iliyokomesha utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Tunanuia kuonyesha kwamba ubora wa sheria hii ulitokana na neno moja ambalo Schoelcher alikataa kuliandika, na kwamba udhaifu wake ulitokana na watu ambao sheria iliwanyamazia walipohitaji kutajwa. Kwa kuwa baadhi ya watumwa walioguswa na sheria hiyo walitoka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, suala hili si geni kwetu kama linavyoweza kudhaniwa.

Usuli wa kihistoria

Ufaransa ilikomesha utumwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Februari 1794, wakati wa mapinduzi, baada ya watumwa wa koloni la Saint-Domingue (Haiti ya leo) kujikomboa kwa silaha. Sheria hiyo haikudumu. Mnamo 1802 Napoleon Bonaparte aliurejesha utumwa. Katika kisiwa cha Réunion, kilicho mashariki mwa Bukini, sheria ya 1794 haikutekelezwa hata siku moja, kwani wenye mashamba waliikataa katakata.

Kisiwa hicho pamoja na jirani yake, Mauritius, vilikuwa na uhusiano wa muda mrefu na pwani ya Waswahili. Mnamo 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wengine walichukuliwa kutoka Msumbiji na Bukini. Kwa hivyo, tunapozungumzia watumwa wa Réunion, tunazungumzia pia watu ambao mababu zao walitoka bara letu kupitia bandari tunazozijua kwa majina.

Kufikia miaka ya 1840 Uingereza ilikuwa tayari imepitisha sheria yake ya 1833 ya kukomesha utumwa. Hata hivyo, sheria hiyo iliwataka waliokuwa watumwa waendelee kuwatumikia mabwana wao kwa miaka kadhaa wakiitwa wanagenzi. Ufaransa nayo ilitunga sheria za Julai 1845 zilizomruhusu mtumwa kumiliki mali kidogo na kujinunua kutoka kwa bwana wake. Wabunge wengi waliamini kwamba hiyo ndiyo busara: mtumwa afundishwe kwanza, aachiliwe baadaye.

Schoelcher kabla ya 1848

Schoelcher alizaliwa Paris mnamo 1804, mwana wa mwenye kiwanda cha vyombo vya kauri. Akiwa kijana alitumwa Mexico, Cuba na Marekani kutafuta soko la bidhaa za baba yake. Huko alijionea watumwa wakinadiwa na kuchapwa. Aliporejea alianza kuandika dhidi ya utumwa, lakini ifahamike kwamba katika maandishi yake ya mwanzo, ya 1830 na 1833, naye alikuwa miongoni mwa waliotaka utumwa uondolewe polepole.

Kilichombadilisha ni safari yake ya 1840 na 1841 katika visiwa vya Karibi. Alizunguka mashambani, akawahoji mabwana na watumwa, akalinganisha makoloni ya Ufaransa na yale ya Uingereza yaliyokuwa yamekwisha kuachilia watu wao. Kitabu alichokichapisha mnamo 1842 kilidai ukomeshaji wa papo hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba utumwa haurekebishiki. Bwana mwema na bwana mbaya wanatofautiana kwa tabia, lakini wote wawili wanammiliki binadamu. Na sheria inayopunguza viboko inakiri kwamba viboko ni halali.

Ni haki kukumbusha kwamba hakuwa wa kwanza kudai hivyo. Cyrille Bissette, mzawa wa Martinique mwenye asili ya Kiafrika na ya Kizungu, alikuwa ametiwa alama ya chuma cha moto na kufukuzwa kisiwani kwao katika miaka ya 1820 kwa sababu ya kijitabu kilichotetea haki za watu weusi waliokuwa huru. Mnamo 1834 alianzisha jarida mjini Paris na kulitumia kupigania haki za watu wa makoloni. Schoelcher na Bissette baadaye walikuwa mahasimu wakubwa wa kisiasa. Sifa zote zilimwendea mmoja, na jina la mwingine likasahaulika kwa muda mrefu.

Kutungwa kwa dikrii

Februari 1848 mfalme wa Ufaransa alipinduliwa na Jamhuri ikatangazwa. Schoelcher alikuwa safarini Senegal. Alirejea Paris mwanzoni mwa Machi na kukutana na François Arago, Waziri wa Majini na Makoloni katika Serikali ya Muda. Arago alikuwa ameelekea kuliachia suala la utumwa Bunge litakalochaguliwa. Schoelcher alimweleza kuwa watumwa hawatasubiri, na kwamba kuchelewa kungezua umwagaji damu. Tarehe 4 Machi ilitolewa amri ya kuunda tume ya kuandaa ukomeshaji wa utumwa, naye Schoelcher akawa mwenyekiti wake na naibu wa waziri anayeshughulikia makoloni.

Tume ilifanya kazi kwa haraka kwa makusudi. Schoelcher alijua kwamba Bunge lingechaguliwa mwishoni mwa Aprili, na kwamba ndani yake wenye mashamba wangekuwa na marafiki wengi. Dikrii ilitiwa sahihi tarehe 27 Aprili, siku chache kabla ya Bunge jipya kukutana. Hapa pana jambo la kutafakari: kazi kubwa kuliko zote ya mtunga sheria huyu ilikamilika kwa sababu haikupitia bungeni. Wapo wanaoona kwamba hilo liliipunguzia uhalali. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ingekuwa na nguvu iwapo Bunge hilo lingekuwa limechaguliwa na watumwa pia.

Uchambuzi wa matini

Dikrii ni fupi. Ina dibaji na vifungu tisa tu. Dibaji inaeleza kwamba utumwa ni shambulio dhidi ya utu wa binadamu. Kwamba kwa kumnyang'anya mtu hiari yake, unaondoa msingi wa haki na wajibu. Na kwamba unakiuka kauli ya Jamhuri ya uhuru, usawa na udugu. Sentensi ya mwisho ya dibaji inashuka kutoka mbinguni hadi duniani: inaonya kwamba hatua za utekelezaji zisipofuata upesi, ghasia zitatokea makoloni. Kwa maneno mengine, sheria hii iliandikwa kwa imani na kwa hofu.

Kifungu cha kwanza ndicho moyo wa matini. Kinasema kwamba utumwa utakomeshwa kabisa katika makoloni na milki zote za Ufaransa, miezi miwili baada ya dikrii kutangazwa katika kila koloni. Tangu siku ya kutangazwa, adhabu za mwili na uuzaji wa watu vinapigwa marufuku. Wanafunzi wa sarufi watambue mambo mawili. La kwanza ni kielezi kabisa. Hakuna polepole, hakuna kwa awamu, hakuna uanagenzi. Neno ambalo wabunge walilipenda kwa miaka kumi na mitano halimo. La pili ni njeo. Kitenzi kiko katika wakati ujao: utakomeshwa. Miezi hiyo miwili iliwekwa ili miwa ivunwe.

Wakati ujao huo haukuvumiliwa na waliokuwa wakiungoja. Kabla meli yenye dikrii haijafika Martinique, habari za mapinduzi zilikuwa zimeenea mashambani. Mnamo Mei mtumwa mmoja aitwaye Romain alikamatwa kwa sababu ya kupiga ngoma. Watu walikusanyika kudai aachiliwe, risasi zikafyatuliwa, na tarehe 22 Mei uasi ukazuka katika mji wa Saint-Pierre. Kesho yake gavana aliutangaza uhuru bila kungoja maagizo ya Paris. Gavana wa Guadeloupe alifanya vivyo hivyo tarehe 27 Mei. Mjumbe wa Serikali alipowasili Martinique mwanzoni mwa Juni akiwa na dikrii mkononi, aliwakuta watu walio huru. Wakati ujao wa sheria ulikuwa umegeuzwa kuwa wakati uliopo na wale ambao sheria haikuwapa nafasi ya kusema.

Vifungu vinavyofuata vinaonyesha umakini wa mwandishi. Kifungu cha tatu kinayataja makoloni kwa majina, wala hakikuliacha neno "yote" lijitetee lenyewe: Martinique, Guadeloupe, Réunion, Guyane, Senegal na vituo vingine vya pwani ya magharibi ya Afrika, Algeria, na Mayotte katika visiwa vya Komoro. Mtunga sheria alijua kwamba mahali pasipotajwa hupata mtetezi wa kudai hapakukusudiwa. Kifungu cha nne kinawasamehe watumwa waliohukumiwa kwa matendo ambayo yangetendwa na mtu huru yasingekuwa kosa. Cha sita kinayapa makoloni haki ya kuwakilishwa bungeni. Cha saba kinaeneza hadi makoloni kanuni ya kale kwamba mtumwa anayekanyaga ardhi ya Ufaransa huwa huru. Cha nane kinamkataza Mfaransa yeyote, hata akiishi nchi ya kigeni, kumiliki, kununua au kuuza watumwa, la sivyo apoteze uraia wake. Waliokuwa nao walipewa miaka mitatu.

Takriban watu 250,000 waliachiliwa kwa sheria hii. Miongoni mwao, zaidi ya 60,000 walikuwa Réunion, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 20 Desemba 1848. Waliokuwa watumwa hawakuwa na majina ya ukoo kisheria; walijulikana kwa jina moja na namba katika daftari. Makarani wakalazimika kuwaandikia majina mapya, mengine ya heshima, mengine ya dhihaka, na vizazi vyao vinayatumia hadi leo.

Yaliyonyamaziwa

Kifungu cha tano kina mistari michache, nacho ndicho kilichogharimu zaidi. Kinasema kwamba Bunge litaamua kiasi cha fidia kitakacholipwa. Kulipwa nani? Walowezi. Katika ripoti ya tume ilikuwa imeelezwa kwamba ikiwa Ufaransa inadaiwa fidia kwa mfumo ilioulinda, basi inadaiwa fidia hiyo na walioteswa na mfumo huo sawa na walionufaika nao. Hoja hiyo ilibaki katika ripoti; haikuingia katika sheria. Sheria ya tarehe 30 Aprili 1849 iliwagawia wenye watumwa faranga milioni 6 taslimu, pamoja na hati za serikali zenye kuzaa faranga milioni 6 kila mwaka kwa miaka ishirini. Waliokuwa watumwa hawakupata faranga moja wala kipande cha ardhi.

Matokeo yake hayakukawia. Mtu asiye na shamba katika kisiwa cha mashamba hana budi kurudi kwa mwenye shamba. Huko Réunion mjumbe wa Serikali, Sarda Garriga, aliwaagiza watumwa wawe wamekwisha kutia saini mikataba ya kazi kabla ya siku ya uhuru. Walioachiliwa walipoyaacha mashamba, wenye mali waliwatafuta vibarua wa mkataba kutoka India, na pia kutoka pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji. Hao wa Afrika waliitwa "walioajiriwa kwa hiari", ilhali wengi wao walikuwa wamenunuliwa kama watumwa, kisha wakatangazwa kuwa huru pale pale walipopandishwa melini. Mnamo 1857 Wareno waliikamata katika pwani ya Msumbiji meli ya Kifaransa iliyoitwa Charles et Georges, ikiwa na Waafrika zaidi ya 100 wa aina hiyo. Ugomvi wa kidiplomasia ulizuka, na mnamo 1859 Ufaransa ikaipiga marufuku biashara hiyo ya vibarua wa Kiafrika kuelekea Réunion. Kwa muda wa miaka kumi, jambo ambalo sheria ilikuwa imelikomesha liliendelea kwa jina jingine. Mwanaisimu atakumbuka hapa kwamba kubadilisha kiitwa hakubadilishi kirejelewa.

Kazi yake bungeni na katika Seneti

Mnamo Agosti 1848 Schoelcher alichaguliwa na Martinique na pia Guadeloupe. Alichagua kuiwakilisha Martinique, na kiti chake cha Guadeloupe kikachukuliwa na Louisy Mathieu, mtu aliyekuwa mtumwa miezi michache tu kabla ya hapo. Hivyo kifungu cha sita kilikuwa kimepata mwili. Bungeni Schoelcher alipigania pia kufutwa kwa adhabu ya kifo, lakini katiba ya mwaka huo iliifuta kwa makosa ya kisiasa pekee. Kabla ya hapo, akiwa naibu wa waziri, alikuwa ameshiriki kufuta adhabu ya viboko kwa mabaharia wa jeshi la majini.

Tarehe 2 Desemba 1851 Louis-Napoléon Bonaparte alipindua katiba. Schoelcher alikuwa miongoni mwa wabunge walioingia barabarani kumpinga, na baada ya kushindwa alikimbilia Uingereza. Utawala mpya uliyanyima makoloni uwakilishi bungeni. Mwaka 1859 wahamishwa walipopewa msamaha, yeye aliukataa, akabaki ugenini hadi 1870. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: akiwa London aliandika kitabu cha maisha ya mtunzi wa muziki Handel, kilichochapishwa 1857.

Baada ya kurejea alichaguliwa tena na Martinique mnamo 1871, na mwishoni mwa 1875 akateuliwa kuwa seneta wa maisha. Hakustarehe kwa sifa za 1848. Tarehe 1 Machi 1880 alisimama katika Seneti na kuishtaki Serikali ya Jamhuri yake mwenyewe kwa kuruhusu utumwa uendelee Senegal, ambako maafisa waliwarudisha watoro kwa mabwana wao ili kuwaridhisha watawala wenyeji. Alikuwa na umri wa miaka 75 na alikuwa akidai jambo dogo tu: sheria iliyoandikwa miaka 32 iliyopita itekelezwe.

Mtazamo linganishi: pwani yetu

Inafaa kuilinganisha dikrii hii na ile iliyotolewa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, chini ya ulinzi wa Uingereza. Sheria ya Ufaransa iliutaja utumwa wenyewe na kuukomesha. Sheria ya Zanzibar iliifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, yaani mahakama hazingetambua tena madai ya bwana juu ya mtumwa. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika maisha, mtumwa wa Zanzibar alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa hadi 1909. Katika ukanda wa pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mnamo 1907. Kote huko, kama ilivyokuwa Ufaransa, fidia ilitengewa mabwana.

Lugha yetu ina ushahidi wake kuhusu suala hili. Neno mtumwa lina kauli ya kutendwa ndani yake: m-tum-w-a, yule anayetumwa, asiyejituma. Kinyume chake cha zamani kilikuwa mwungwana, na neno uhuru, lenye asili ya Kiarabu, lilimaanisha hali ya asiyemilikiwa kabla ya kuwa neno la mikutano ya siasa. Tunapolitamka leo kwa wepesi, tunatamka neno lililokuwa na bei. Aidha, lugha inatuonya kwamba kumtoa mtu katika kauli ya kutendwa hakutoshi: akishaachwa huru, ni lazima awe na kitu cha kutenda nacho.

Hitimisho

Schoelcher alifariki tarehe 25 Desemba 1893. Mwaka 1949 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon mjini Paris, kunakozikwa mashujaa wa Ufaransa, siku moja na ya Félix Éboué, mzawa wa Guyane na mjukuu wa watumwa. Hata hivyo, huko Martinique sikukuu ya ukombozi huadhimishwa tarehe 22 Mei, siku ya uasi, wala si 27 Aprili, siku ya dikrii. Na tarehe 22 Mei 2020 waandamanaji waliziangusha sanamu mbili za Schoelcher kisiwani humo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Waliofanya hivyo walikuwa wakiuliza kwa nini aliyeandika anakumbukwa kwa sanamu, na Romain aliyepiga ngoma hana.

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake si kumtoa Schoelcher katika historia. Uasi wa Martinique uliuleta uhuru mapema. Dikrii ndiyo iliyoufanya uwe vigumu kuondolewa, tofauti na ule wa 1794. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtu wa polepole, akaenda, akaona, akalifuta neno hilo katika fikra zake kabla ya kulinyima nafasi katika sheria. Kasoro ya matini yake haikuwa katika alichokiandika bali katika kifungu cha tano, kilichowataja waliostahili kulipa na kuwasahau waliostahili kulipwa. Ni vyema basi wanafunzi wa Kiswahili wanaposomewa sheria yoyote, iwe ya ardhi, ya lugha au ya kazi, wajifunze kuuliza maswali yale yale ya sarufi: kitenzi kiko katika njeo gani, mtendwa ni nani, na ni nani ambaye hakutajwa.